Mwanangu Ananiita Wifi

Kama wiki iliyopita hukunisoma, usijali. Mkosi wangu unaelezeka kwa maneno machache.

Naitwa Kuralai. Ni Mkazakhi niliyezaliwa Olgii, upande wa Mongolia. Mimi na mume wangu Talapkhan tulihamia Kazakhstan ndoa yetu ikiwa bado mbichi, tukiambiwa tunarudi nchi ya babu zetu. Tulipofika, wajukuu wa babu hao hao wakatuita Wamongolia.

Mara ya mwisho mliniacha nimelala hospitalini. Mimba niliyoipata huku ugenini ilikuwa imeharibika, damu ikakataa kukatika, na daktari akanitoa kizazi ili nisife.

"Shukuru uko hai," akaniambia. "Bado kijana wewe. Mtazoea."

Kitu ambacho daktari hakukijua ni kwamba mimi nina mtoto.

Yupo, mzima, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Anaitwa Inkar. Nilimzaa Olgii mwaka wa kwanza wa ndoa, na arobaini yake ilipopita mama mkwe wangu alimchukua, akamlaza kifuani pake, akamfanya mwanawe.

Kwetu ndivyo ilivyo. Mzaliwa wa kwanza ni wa wazazi wa mume. Atawaita wao baba na mama. Baba yake mzazi atamwita kaka. Na mimi niliyemzaa, ataniita wifi.

Sikuibiwa. Mama yangu mzazi ndiye aliyenifuta machozi akisema, "Nyamaza, binti yangu. Utazaa wengine."

Utazaa wengine. Maneno hayo niliyatafuna njia nzima kutoka hospitalini hadi nyumbani.

Talap alikuwa mchochea moto wa tanuru la kupashia joto shule ya kijiji chetu, nje kidogo ya mji wa Taldykorgan. Alirudi siku hiyo uso mweusi kwa makaa, meno tu ndiyo meupe. Nikamtilia chai kwenye bakuli. Hata hakunawa.

"Talap, namtaka mtoto wangu."

"Mtoto yupi?"

Akaelewa. Akaweka bakuli chini.

"Kuralai, usianze."

"Sijaanza mimi. Kimeanza kisu cha daktari."

"Nimwambie nini mama? Baba amekufa juzi tu, amebaki na Inkar peke yake mle ndani. Nimpigie nimwambie mama, lete huyo mtoto, tumebadili mawazo?"

"Mwambie mimi sina mwingine. Na sitapata mwingine."

"Na yeye ana nani?"

Nilikuwa na kilio tu, nikakitoa. Talap alivumilia, kisha akapiga ngumi ukutani.

"Nchi hii imetupa nini, eti? Shuleni wananiita Mongolia, hata jina langu hawataki kulijua. Nachochea moto watoto wa watu wapate joto, wangu mmoja kaishia hospitalini na mwingine yuko ng'ambo ya milima. Bora tungebaki na kondoo wetu!"

Lakini alitoka nje na simu. Nikamwona dirishani akizunguka kwenye theluji, mkono mmoja sikioni, mwingine kichwani. Aliporudi sikumwacha hata avue koti.

"Amesemaje?"

"Amesema neno moja tu. Tunakuja."

* * *

Walifika theluji ikianza kugeuka matope, sikukuu ya mwaka mpya wetu, ya mwezi Machi, ikiwa karibu. Mama mkwe alishuka na mabegi, na katikati ya mabegi kulikuwa na kofia nyekundu ya manyoya, na ndani ya kofia kulikuwa na mwanangu.

Nilikuwa nimejipanga. Nisilie, nisimkimbilie, nisimtishe. Nikachuchumaa, nikanyoosha mikono.

Inkar akajificha nyuma ya sketi ya bibi yake. "Mama, huyu ni nani?"

Mama mkwe alinitazama kwanza. Kisha akasema polepole, "Ni wifi yako, mpenzi. Mke wa kaka. Msalimie."

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba," nikasema. Nikachukua mabegi haraka haraka, nipate pa kuuficha uso.

Mama mkwe wangu si mtu wa maneno matamu. Jioni ile alionja supu yangu, akaweka kijiko.

"Mkwe, hii nyama umeipika, au kondoo amepita tu jirani?"

"Mama, huku nyama yao ndivyo ilivyo."

"Huku, huku! Hata chai yao naambiwa hawatii chumvi. Watu gani hawa?"

Jirani yetu Raikhan, mwanamke wa hapa hapa, mnene, mcheshi, asiyejua kubisha hodi, alikuwa ameshaingia.

"Sisi ndio Wakazakhi, bibi! Nyie Wamongolia mmetia chumvi kwenye chai, kesho mtatia sukari kwenye nyama!"

"We mtoto," mama mkwe akamjibu, "Kikazakhi chenyewe unakisema nusu, nusu nyingine Kirusi. Kaa chini nikufundishe kunywa chai."

Raikhan alicheka mpaka akajifuta macho. Tangu siku hiyo akawa anakuja kila asubuhi kufundishwa.

Na mimi nilikuwa na Inkar.

Sijui nisemeje. Nilikuwa naye. Mama mkwe alikaa kwa makusudi kwenye kiti chake karibu na jiko, akifuma soksi, akisema magoti yanamsumbua. "Nenda kwa wifi akufunge viatu." "Mwombe wifi akupe maji." Mara ya kwanza nilidhani ni magoti kweli.

Inkar alinizoea. Alinifuata bandani kwa ng'ombe, alinifuata kisimani. Tulikanda unga pamoja, tukakaanga maandazi ya sikukuu. Yake yalikuwa na sura za ajabu, kila moja na jina. Alinusa shingo yangu akasema nanukia maziwa. Nikatoka nje nikasimama nyuma ya banda, nikilia na kucheka kwa pamoja kama mwehu.

Siku moja tulipomaliza kukanda, nikiwa namsuka, nikajipa moyo.

"Inkar, ukiambiwa wifi naye ana binti, utasemaje?"

Akacheka. "Wifi huna mtoto."

"Nani kasema?"

"Mama. Alisema wifi anaumwa, alikuwa na mtoto tumboni akaenda mbinguni, na hana mwingine. Ndiyo maana tumekuja, tukufariji." Akageuka akanishika mashavu kwa mikono yake ya unga. "Umefarijika?"

"Nimefarijika."

"Basi tutarudi nyumbani sasa. Mbuzi wangu ananingoja."

Nikaendelea kusuka. Sikuziona nywele kwa machozi, nikamsuka upande.

* * *

Mama mkwe alinifuata bandani nikikamua. Alisimama mlangoni, ametoa kitambaa kichwani. Sikuwahi kuziona nywele zake kabla ya hapo. Zilikuwa nyeupe zote.

"Kuralai, mwanangu."

Hakuwa amewahi kuniita jina langu. Nikaacha kukamua.

"Nilimleta nikurudishie. Nilitaka kwanza akuzoee. Sasa amekuzoea."

"Mama..."

"Usinishukuru. Ukinishukuru nitamchukua niende naye."

Nikapiga magoti pale pale kwenye majani. Nikamwambia kile nilichokuwa nikikiwaza siku zote tangu afike. "Mama, basi kaa nasi. Talap ataongeza chumba. Utaenda kufanya nini Olgii? Nyumba tupu ile."

Akatikisa kichwa.

"Mimi mwenyewe nililelewa na bibi. Mama yangu alikuwa nyumba ya pili, namwona kila siku, ananifulia, ananipikia. Sikuwahi kumwita mama. Hata alipokuwa anakata roho nilimwita wifi." Sauti yake ilikatika, akaitafuta, akaipata. "Nikiwa humu ndani, mimi ndiye mama. Hutalisikia neno hilo hata siku moja. Acha niende."

"Tumwambie pamoja basi, kabla hujaondoka."

"Sina ubavu huo. Mtamwambia nyie."

Aliondoka kesho yake asubuhi, Inkar akiwa bado amelala. Alimfunika. Hakumbusu, aliogopa kumwamsha. Talap akampeleka stendi mjini kupanda basi la Olgii, ambalo huondoka mara moja tu kwa wiki.

Nilikaa kando ya kitanda nikisubiri mwanangu afumbue macho. Nilikuwa na furaha, jamani. Nisiwafiche. Nilikuwa na furaha kiasi cha kuona aibu.

Inkar alifumbua macho. Akatazama kiti cha karibu na jiko.

"Mama yuko wapi?"

Sitayaeleza yote yaliyofuata. Alilia mpaka sauti ikapotea, na sauti ilipopotea akaendelea kulia bila sauti. Alivaa kofia yake akakaa mlangoni. Nilimpa maziwa, akageuza uso. Nilimpa nyama, maandazi, peremende alizoleta Raikhan. Hakufungua mdomo.

"Wifi, nimekosa nini?"

"Hujakosa, mpenzi."

"Basi kwa nini Mama ameniacha?"

Nilitakiwa kumwambia hapo. Nikafungua mdomo. Lakini ungeyaona macho yake! Nikimwambia mama yake ni mimi, nitakuwa nimemnyang'anya na yule aliyebaki naye kichwani.

"Atarudi," nikasema.

Talap alikuwa haongei. Anatoka mapema, anarudi amechelewa, siku nyingine na chombo cha chakula mkononi. Nilimwuliza kama mama amefika salama.

"Amefika," akasema. "Amelala tu, amechoka na safari."

"Nipe nimsikie."

"Mtandao mbaya kule. Unajua."

Nikaamini. Kwa nini nisiamini? Ni mume wangu.

Inkar alikonda mbele ya macho yangu. Ilifika mahali nikimnyanyua nahisi mbavu kupitia nguo. Muuguzi wa kijiji alimpima, hakukuta homa wala kifua. Akaniuliza, "Huyu mtoto anamlilia nani?"

Ndipo Raikhan akaingia, kama kawaida bila hodi. Lakini safari hii hakuwa na utani. Alikuwa ametoka mjini, viatu vimejaa tope, na hakuvivua.

"Kuralai, mama mkwe wako si aliondoka?"

"Aliondoka. Amefika."

"Nimemwona stendi leo."

"Umemfananisha."

"Mwanamke aliyenifundisha kunywa chai nitamfananisha? Amekaa kwenye benchi, na begi lake lile lenye kamba. Nimemwita akageuza uso ukutani. Nimemwuliza mama anayefagia pale. Ananiambia bibi huyu tangu basi lililopita yupo. Alifika mpaka mlangoni pa basi, akashika chuma, akashindwa kupanda. Analala chumba cha wageni cha pale pale, mchana anakaa benchi." Raikhan akashusha sauti. "Na mwanawe anampelekea chakula kila siku."

Nikakumbuka chombo cha chakula.

"Basi lingine ni lini?"

"Leo hii. Ndilo linaloondoka mchana."

Sikuwaza. Nilimvisha Inkar koti.

"Tunaenda wapi, wifi?"

Sikuweza kudanganya tena. "Kwa Mama."

Alinitazama kuona kama ni kweli. Halafu akasema, "Basi nipe mkate."

Nikampa. Aliula wote, amesimama, makombo yakimdondokea kwenye koti. Akaomba mwingine. Mwanangu alikuwa anakula, na mimi nikamfunga vifungo vya koti.

* * *

Raikhan alituwahisha kwa gari la mumewe. Stendi ilikuwa imejaa watu na mizigo. Nilimwona Talap kabla sijamwona mama yake. Alikuwa amepiga magoti mbele ya benchi, anamlisha kwa kijiko kama mtoto.

Aliponiona, kijiko kilimponyoka.

"Uliniambia amefika!"

"Kuralai, sikiliza..."

"Umenitazama usoni ukaniambia amelala, mtandao mbaya!"

"Aliniapisha! Alisema ukijua utamrudisha nyumbani, na akirudi nyumbani kila kitu kitaharibika. Ningefanya nini? Huku namwona mama yangu anakauka, nikifika nyumbani namwona binti yangu anakauka. Katikati niko mimi. Wewe umewahi kuniuliza mimi naendeleaje?"

Sikuwahi. Tangu hospitalini, sikuwahi. Lakini sikupata nafasi ya kusema hivyo, maana Inkar alikuwa ameshachomoka mkononi mwangu.

"Mama! Mama! Mama!"

Watu wakapisha. Akamrukia mapajani, akamzungushia mikono shingoni, akambana.

Mama mkwe hakumkumbatia. Nilimwona akiikunja mikono yake ndani ya shali, akiishikilia huko ndani kwa nguvu zote.

"Shuka, mpenzi," akasema. "Rudi kwa mama yako."

"Mama yangu ni wewe."

"Hapana. Mama yako ni yule pale." Akanyoosha kidole. Kidole kikaniangukia mimi.

Inkar akageuka akanitazama. Mkate ulikuwa bado umemganda kwenye shavu.

"Yule ni wifi."

"Si wifi. Yule ndiye aliyekuzaa. Ulikaa tumboni mwake. Alikupa mimi nikulee, nimekulea, sasa umekua, nimekurudisha. Si unaona anavyokupenda? Nenda."

Mtoto alinitazama, akamtazama bibi yake, akanitazama tena. Nilinyoosha mikono kama siku ile aliposhuka kwenye gari. Hakuja. Hakulia pia. Alikuwa anafikiri, na hilo lilinitisha kuliko kilio.

"Na wewe," akamwuliza mama mkwe taratibu, "wewe ni nani basi?"

Yule mwanamke ambaye sijawahi kumwona akikosa jibu alifungua mdomo, akaufunga. Mikono ikamtoka ndani ya shali yenyewe. Akamkumbatia, akazika uso kwenye ile kofia nyekundu, na sauti iliyomtoka sikuwahi kuisikia kwa mtu mzima. Talap aliniambia hata siku ya kumzika mumewe haikumtoka.

Raikhan alikuwa analia nyuma yangu. Mama anayefagia aliacha kufagia.

Kama kuna mama anayenisoma, atanielewa. Nilimtazama mwanangu akishikilia shingo ya mwanamke mwingine, nikajua kwamba naweza kwenda kumbandua. Nina haki. Hakuna ambaye angenizuia, hata bibi mwenyewe. Na ningerudi nyumbani na mtoto anayekaa mlangoni amevaa kofia.

Honi ikalia.

"Olgii! Olgii! Nafunga mlango!" Dereva alikuwa mtu wa kwetu, nilimjua kwa matamshi. Akatuelekea akiwa na haraka, akatazama begi lenye kamba, akatutazama sisi. "Hapa wanaopanda ni wangapi?"

Akatazama saa yake.

"Jamani, nauliza. Wangapi?"

"Wawili," nikasema.

Sauti ilikuwa yangu, lakini nilishangaa kuisikia. Mama mkwe akainua uso. "Kuralai, hapana. Mwanangu, hapana, utakufa."

"Mbebe, Mama. Panda kabla sijaghairi."

Dereva akainama kuchukua begi. Mkono mwingine ukaliwahi.

Ulikuwa wa Talap. Alilishika begi la mama yake kwa kamba, akasimama nalo, mgongo wake kwangu.

"Watatu," akamwambia dereva.

Nilingoja ageuke anitazame, nijue wa tatu ni yeye au ni mimi. Hakugeuka.

Watatu, na sisi wa nyumba moja pale tulikuwa wanne.